Mafuriko ya Jangwani Huanzia Kinyerezi

Mvua kubwa ikipiga Dar es Salaam usiku kucha, swali la kwanza la asubuhi huwa ni moja: Jangwani panapitika? Huulizwa kwenye simu, kwenye vibanda vya chai, redioni. Kipande kile kifupi cha Barabara ya Morogoro, kati ya Magomeni na Faya, kikimezwa na maji, jiji hukatika mapande mawili. Mabasi ya mwendokasi husitisha safari. Mwenye duka Kariakoo hukwama ng'ambo ya Magomeni, funguo mkononi, na vijana wenye mikokoteni huanza kazi ya kuvusha watu kwa malipo.

Bonde hili lina majina yaliyo midomoni mwa nchi nzima. Katika soka, Yanga ni Watoto wa Jangwani, Simba ni Wekundu wa Msimbazi, na kila wiki mashabiki huyataja majina hayo kwa furaha au kwa uchungu. Mto Msimbazi wenyewe hukumbukwa pale tu unapofurika.

Picha za siku hizo hufanana mwaka hadi mwaka: maji ya kahawia, godoro juu ya paa, mama amembeba mtoto begani. Zinaonyesha maji yakiwa yameshafika. Hazionyeshi yalikotoka wala yalivyopita juu ya mapaa ya watu wengine kabla ya kufika pale, na hiyo ndiyo nusu ya habari ambayo jiji linahitaji kuisikia.

Safari ya kilomita 35

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, mpakani mwa Dar es Salaam na Kisarawe. Kutoka huko hushuka kwa takriban kilomita 35, ukipita Kinyerezi, Segerea, Tabata, Vingunguti na Kigogo, hadi kwenye uwanda wa Jangwani, kisha huingia baharini kwenye mikoko ya Daraja la Salender. Njiani hupokea vijito vingine, vikiwemo Luhanga, Ubungo na Sinza. Vijito hivyo huleta maji ya mitaa ambayo wakazi wake pengine hawajawahi kufikiri kwamba wana undugu wowote na Jangwani.

Zamani maji hayo yalikuwa yakisafiri polepole. Tone lililoanguka Pugu lilipokelewa na majani ya mti, likateremka kwenye shina, likazama kwenye udongo laini uliojaa mizizi. Lililobaki lilitambaa kwenye nyasi na mashamba, likatulia kwenye madimbwi na mabonde ya mpunga, likafika mtoni baada ya muda mrefu. Mto ulipanda taratibu na kushuka taratibu.

Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imekatwa kwa ajili ya mkaa kwa miaka mingi. Vilima vilivyokuwa vya mikorosho na miembe sasa ni nyumba za bati, uzio wa tofali na uwanja wa zege kutoka getini hadi barazani. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000 jijini Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta mkoa una watu milioni 4.36, na ile ya mwaka 2022 ikakuta milioni 5.38. Kila familia mpya ilihitaji paa, na kila paa lilifunika kipande cha ardhi kilichokuwa kikinywa mvua.

Hesabu yake haihitaji chuo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, basi. Nyumba yenye paa la mita za mraba 100, ikinyeshewa mvua ya milimita 20, imepokea lita 2,000, yaani simtanki nzima. Mtaa wenye ukubwa wa hekta moja uliofunikwa kwa bati na zege, ukipata mvua ya milimita 50, umepokea lita 500,000, ambazo ni maboza 50 ya lita 10,000 kila moja. Udongo ulio wazi ungekunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Bati halinywi chochote. Maboza yote 50 humwagwa barabarani kwa mara moja, kisha mtaa wa jirani humwaga yake, na wa pili yake, wote wakielekea bonde lilelile.

Mafuriko ya mjini, kwa hiyo, hayaletwi na wingi wa mvua peke yake. Huletwa na kasi pia. Maji ambayo yangefika Jangwani kwa zamu hufika yote kwa pamoja, na mto hauna pa kuyaweka.

Desemba 2011 na baada yake

Tarehe 20 Desemba 2011, siku chache tu baada ya Tanzania Bara kuadhimisha miaka 50 ya uhuru, mvua ilianza kunyesha Dar es Salaam na haikuacha. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua kama ile haikuwa imeonekana jijini tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walifariki na maelfu wakabaki bila makazi. Kuna waliokaa juu ya mapaa wakisubiri kuokolewa.

Serikali ilizihamishia familia nyingi za bondeni Mabwepande, nje kidogo ya jiji upande wa kaskazini, zikapewa viwanja. Kwa mtu aliyekuwa akiishi kwa kuuza mboga Kariakoo au kubeba mizigo Mchikichini, Mabwepande ilikuwa mbali mno. Nauli peke yake ilikula faida ya siku. Baadhi yao walirudi bondeni, si kwa ukaidi, bali kwa sababu riziki yao ilikuwa huko. Desemba 2015 zilikuja alama nyekundu za X kwenye kuta, kisha tingatinga, na mamia ya nyumba yakabomolewa kandokando ya mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kwa macho ya sheria nyumba zile hazikupaswa kuwepo.

Kubomoa hakukupunguza lita hata moja. Aprili 2018 maji yalirudi Jangwani, yakaingia hadi kwenye karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa uwandani pale. Utafiti wa Benki ya Dunia kuhusu mafuriko hayo uligundua kuwa kaya zilizoathirika zilipoteza kwa wastani zaidi ya asilimia 20 ya kipato chao cha mwaka. Mtu anayeishi kwa kipato cha kutwa hana akiba ya kuziba pengo kama hilo. Huuza cherehani, huuza jokofu la biashara ya juisi, huahirisha ada ya mtoto, na masika inayofuata humkuta mnyonge kuliko ile iliyopita.

Wanaoishi bondeni wana elimu yao ya kukabiliana na maji. Vitanda huinuliwa kwa matofali. Milangoni hujengwa vizingiti vya saruji vinavyofika magotini, na mgeni lazima ainue mguu kuingia ndani. Kingo huzuiwa kwa viroba vya mchanga na matairi ya zamani yaliyojazwa udongo. Mwenye uwezo huleta malori ya kifusi, akainua kiwanja chake, na tangu siku hiyo maji yaliyokuwa yakilala kwake huenda kulala kwa jirani.

Elimu hiyo ilianza kuandikwa mwaka 2015, ulipozaliwa mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwa pamoja na wakazi wa mitaa yenyewe, walipita kata kwa kata wakichora kila nyumba, kila uchochoro na kila mtaro, na kuyaweka yote kwenye ramani ya wazi ya intaneti ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia. Sehemu nyingine walirusha droni kupiga picha za anga. Waliwauliza wenyeji maji yalifika wapi na kwa kina gani. Mitaa ambayo kwenye ramani za zamani ilionekana kama doa tupu ikapata mistari na majina. Mhandisi hawezi kuchora mtaro kwenye mtaa ambao ramani yake haipo.

Mtaro hauli taka

Suluhisho ambalo kila mtu hulitaja kwanza ni mitaro. Nayo inahitajika kweli. Chini ya mradi mkubwa wa kuboresha miundombinu ya jiji ulioanza mwaka 2015, Mto Ng'ombe, unaopita katikati ya makazi ya watu Sinza, Tandale na Magomeni, ulipanuliwa na kujengewa kingo imara. Familia zilizokuwa zikilala macho kila wingu likifunga zikapata ahueni ya kweli.

Hata hivyo mtaro una tabia mbili ambazo ni lazima zieleweke. Ya kwanza, mtaro haupunguzi maji, unayahamisha. Ukuta laini wa zege huyapa maji mwendo ambao ukingo wa udongo na nyasi usingeyapa, hivyo mtaa wa juu unapopona, mtaa wa chini huongezewa mzigo. Jiji likijenga mitaro mitupu bila mahali pa maji kupumzika, linahamisha mafuriko kutoka kata moja kwenda nyingine.

Ya pili, mtaro hauli taka. Chupa za maji, maganda ya nazi, nguo kuukuu na vifusi vya ujenzi hukusanyika kwenye kalavati, na kalavati likiziba, barabara ndiyo inayogeuka mto. Marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza Rwanda mwaka 2008, ikafuata Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, iliondoa sehemu moja ya tatizo. Chupa na vifungashio vingine bado vipo, na katika mitaa ambayo gari la taka haliwezi kupita, bonde huwa ndilo jalala la karibu.

Mchanga nao una lake. Mvua inapopiga ardhi iliyoachwa uchi huko juu, hubeba udongo. Wachimbaji wa mchanga nao hubomoa kingo za mito kama Mbezi na Tegeta wakitafuta riziki ya siku. Udongo huo husafiri na maji hadi mto unapofika mahali tambarare na kupoteza nguvu, ndipo huutua. Kwa Msimbazi, Jangwani ndipo penyewe. Kitanda cha mto huinuka, nafasi chini ya daraja hupungua, na mitambo huitwa kuchimba. Masika inayofuata hujaza tena.

Lipo jambo jingine ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Mvua inaponyesha kwa nguvu, baadhi ya wenye vyoo vya shimo vilivyojaa huvitapisha: hutoboa shimo ili uchafu uchukuliwe na maji. Gharama ya gari la kunyonya ni kubwa, na gari lenyewe mara nyingi halifiki kwenye vichochoro. Maji ya mafuriko yanayoingia chumbani mwa mtu, kwa hiyo, si maji ya mvua tena. Mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2015 nchini Tanzania ulianzia Dar es Salaam, na ukaenea mikoani. Gharama ya kuwanyonyea wakazi wa mtaa mmoja vyoo vyao kwa njia salama ni sehemu ya gharama ya kuzuia mafuriko, hata kama kwenye bajeti huandikwa ukurasa tofauti.

Miji iliyojifunza kunywa

Miji mingine imepitia machungu haya. Tarehe 2 Julai 2011, miezi mitano kabla ya maafa ya Dar es Salaam, Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ulipigwa na mvua ya zaidi ya milimita 100 ndani ya saa mbili hivi. Ni mji tajiri wenye mabomba ya chini ya ardhi ya miaka mingi, na mabomba hayo yote yalizidiwa. Wahandisi walipokokotoa gharama ya kuyafumua mabomba yote na kuweka makubwa zaidi, waliona ni nafuu kuyapa maji nafasi juu ya ardhi. Mpango wa mwaka 2012 uliamua kwamba baadhi ya barabara zitainamishwa ili ziwe mifereji siku ya mvua kubwa, na bustani zitachimbwa ziwe mabwawa ya muda. Bustani moja, Enghaveparken, sasa inaweza kushika zaidi ya lita milioni 20. Siku nyingine zote watoto huchezea humo.

China ilipata somo lake mwaka uliofuata. Mafuriko ya Beijing ya Julai 2012 yaliua watu 79, na serikali ikaja na mpango wa miji sifongo, yaani miji inayofyonza maji na kuyaachia polepole kama sifongo la kuoshea vyombo. Mwaka 2015 miji 16 ilichaguliwa kuanza. Mtu aliyelipigania sana wazo hilo ni msanifu wa mandhari Yu Kongjian, mtoto wa kijijini aliyekulia katikati ya mashamba na vijito. Yeye alishikilia kwamba kuta za zege kwenye mito zibomolewe, na mito irudishiwe kingo za majani na mabonde ya kutandaza maji. Alifariki Septemba 2025 katika ajali ya ndege nchini Brazili.

Sifongo nalo hujaa. Julai 2021 mji wa Zhengzhou, ambao nao ulikuwa umelifuata wazo hilo, ulipata milimita 201.9 za mvua kwa saa moja. Mamia ya watu walikufa, wakiwemo abiria waliozingirwa na maji ndani ya treni ya chini ya ardhi. Hakuna bustani inayoweza kumeza mvua ya namna hiyo. Ardhi inayofyonza huzuia mafuriko ya kila mwaka na kuyapunguza yale makubwa. Kwa yale ya kutisha, kinachookoa watu ni tahadhari iliyotolewa mapema, barabara iliyofungwa kwa wakati na jirani anayejua ni nani mtaani hawezi kutembea.

Tahadhari hizo zitahitajika zaidi, kwa kuwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka duniani huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Masika ya mwaka 2024 iliua watu zaidi ya 200 nchini Kenya, na jijini Nairobi wakazi wa Mathare waliona mto ukiwaingilia ndani.

Mifano ya karibu ipo pia. Kigali imeirudishia uhai ardhioevu ya Nyandungu, eneo la hekta zipatazo 120 lililokuwa limeharibiwa na shughuli za watu. Lilifunguliwa mwaka 2022 kama hifadhi ya mapumziko, lenye mabwawa, njia za baiskeli na miti ya asili, na mvua ikinyesha hushika maji yanayoteremka kutoka vilimani. Kibera jijini Nairobi, tangu mwaka 2006, wakazi wamekuwa wakishirikiana na wasanifu wa shirika la Kounkuey kugeuza vipande vya kando ya mto, vilivyokuwa majalala, kuwa viwanja vidogo vya umma. Kingo zimeimarishwa kwa mawe yaliyofungwa kwenye nyavu za chuma, na juu yake pamewekwa vyoo, sehemu za kufulia na za kuchezea watoto. Mahali penye kazi na wenyewe hapageuki jalala tena.

Dar es Salaam yenyewe ilikwisha kuonja dawa hii. Hananasif, mtaa wa Kinondoni unaopakana na bonde la Msimbazi, ulikuwa ukizama kila masika. Katika miaka ya 1990, kwa msaada wa kitaalamu wa Shirika la Kazi Duniani, wakazi walichimba na kujenga mitaro na barabara za mtaa wao kwa mikono yao, wanawake kwa wanaume, wakilipwa ujira. Walipata mitaro, na wakapata ufundi wa kuitengeneza ikiharibika.

Kuurudishia mto uwanda wake

Kwa upande wa Jangwani, hatua kubwa ilianza mwaka 2018. Wakazi, maofisa wa serikali, wahandisi na wapangaji miji walikutanishwa kwa miezi kadhaa kuchora mpango mmoja wa bonde zima badala ya kila ofisi kuchora wake. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 za Marekani kwa mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, huku Hispania na Uholanzi zikichangia pia.

Kiini chake ni kuurudishia mto uwanda uliokuwa wake. Sehemu ya chini ya bonde itachimbwa na kupanuliwa ili maji yapate pa kutandaa, na udongo utakaotoka humo utainua kingo za pembeni ili ziwe salama kwa majengo. Katikati patakuwa bustani kubwa ya jiji, yenye nyasi, miti na viwanja vya michezo, ambayo siku ya mvua kubwa itakubali kufunikwa na maji na baada ya siku chache itasafishwa na kutumika tena. Daraja jipya, refu na la juu zaidi, litachukua nafasi ya lile la zamani, na karakana ya mabasi itaondoka uwandani. Fidia kwa wakazi wanaohama ilianza kulipwa mwaka 2023.

Yapo mambo mawili yatakayoamua kama mpango huu utafaulu. Moja ni watu. Familia iliyolipwa fidia isiyotosha kununua hata kiwanja kidogo karibu na mji itatafuta bonde lingine la kuishi, la Mto Mzinga au Mbezi, na hadithi itaanza upya chini ya jina jipya. Jingine ni vilima. Bustani ya Jangwani itajaa mchanga kama daraja la zamani lilivyojaa endapo Pugu, Kinyerezi na Kimara zitaendelea kumwaga kila kitu bondeni.

Wajibu wa aliye juu

Mkazi wa kilimani halowi. Kiwanja chake kiko juu, nyumba yake ni kavu, na maji yanapotoka getini kwake hayamhusu tena. Mwenye nyumba wa Kinyerezi aliyeweka zege uwanja mzima hakuvunja sheria yoyote ya mita 60 na hakuna atakayempigia X ukutani. Hata hivyo lita zake 2,000 zilikuwemo kwenye maji yaliyoingia chumbani mwa mtu Jangwani, pamoja na za majirani zake wote.

Anachoweza kufanya si kigumu. Gata pembeni mwa paa na simtanki chini yake vitashika sehemu ya mvua. Mvua ya mwanzo kabisa huachwa ipite, kwa kuwa huosha vumbi na vinyesi vya ndege juu ya bati. Inayofuata hufaa kufulia, kuogea na kumwagilia. Tanki likijaa, maji ya ziada yaelekezwe kwenye shimo la kunyonyea lililojazwa mawe, mbali na msingi wa nyumba na mbali zaidi na shimo la choo. Mahali pa kuegesha gari panaweza kuwekewa vitofali vyenye matundu ya nyasi badala ya zege. Mwembe ulio uani uachwe usimame. Kwenye mteremko, mistari ya majani yenye mizizi mirefu hushika udongo usiondoke. Mitaa ya bondeni kabisa, ambako maji ya ardhini yako karibu sana na uso, shimo la kunyonyea halisaidii. Kazi yake iko kilimani.

Faida yake haiishii kwa jirani wa chini. Oktoba 2022 kina cha Mto Ruvu kilipopungua, Dar es Salaam iliingia kwenye mgawo wa maji, na watu wakapanga foleni za madumu na kununua maji ya boza. Ni jiji lilelile ambalo kila masika huhangaika kuyafukuza maji. Watu wa pwani ya zamani waliyajua yote mawili, kuyatoa maji na kuyahifadhi. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, yana visima na mifereji ya kutoa maji ya mvua ndani ya nyumba, na misikiti ya mwambao ilijengewa birika za kuhifadhi maji ya udhu. Majina ya mitaa nayo yanaweka kumbukumbu. Bonde la Mpunga kule Msasani, Mtoni, Mchikichini: anayetafuta kiwanja angeyasikiliza majina hayo kabla ya kumsikiliza dalali.

Halmashauri zina nafasi kubwa kuliko mtu mmoja mmoja. Kibali cha ujenzi kinaweza kudai sehemu ya kiwanja ibaki udongo na paa liwe na gata. Shule, masoko na ofisi za serikali, zenye mapaa makubwa kuliko nyumba yoyote ya mtaani, zinaweza kuanza. Barabara mpya ya lami inayopanda Goba au Segerea inaweza kujengewa kando yake vibwawa vidogo vya kupunguza kasi ya maji, badala ya mtaro mmoja unaoteremka moja kwa moja mtoni. Na kwa kuwa maji hayatambui mipaka ya wilaya, mhandisi wa Ubungo na mwenzake wa Ilala wanahitaji ramani moja mezani.

Masika ijayo, wingu litakapofunga juu ya Pugu, paa la mita 100 huko Kinyerezi litapokea lita zake 2,000 kama kawaida. Zikipita kwenye gata, zitalala tankini, na jioni mtu atazifulia sare za shule. Zikiachwa, zitavuka uwanja wa zege, zitatoka getini na kuingia mtaroni, zitakutana na za jirani Segerea, zitabeba mchanga wa Tabata na chupa za Vingunguti, na baada ya muda mfupi zitakuwa zinapanda kwenye kizingiti cha saruji cha nyumba moja ya bondeni, ambamo mtu amekwisha kuamka na anainua kitanda.